Jinsi ya kusoma kava ya Survival ya Bob Marley, hatua kwa hatua

Wakuu habari za jioni. Kuna watu wanasema kava ya albamu ni pambo tu, mi nakataa, na leo naleta mfano ambao nimeutazama tangu mdogo, santuri ya Survival ya Bob Marley & The Wailers, 1979. Baba mdogo alikuwa nayo pale Tanga, kona zimelika kabisa, tukawa tunashindana nani anajua bendera nyingi. Miaka imepita ndo nikaja kugundua nilikuwa naona nusu ya picha.

Hatua ya 1: anza na kisichokuwepo. Sura ya Marley mbele haipo. Mwaka huo jina lake lilishakuwa kubwa duniani, uso wake peke yake ungeuza, ila Neville Garrick aliyeibuni kaijaza bendera. Kwahiyo jiulize nani kaondolewa na nafasi yake kapewa nani.

Hatua ya 2: hesabu, usikadirie. Za Afrika ni 48. Ya Tanzania utaijua kwa ule mweusi uliokatiza mshazari na kingo zake za njano, ya Kenya ina ngao na mikuki. Nyingi zilikuwa hazijafikisha hata miaka 20, bado mpya mpya.

Hatua ya 3, na hapa msiharakishe. Ziba bendera kwa mkono ubaki na ule utepe wenye jina la albamu. Nyuma ya herufi kuna mchoro wa meli ya watumwa, Brookes ya Liverpool, ulitolewa Plymouth 1788 na watu waliokuwa wanapinga ile biashara. Watu wamelazwa ubavu kwa ubavu kama dagaa kwenye kichanja. Kwenye ule mpango mwanaume mzima alitengewa urefu wa futi 6 na upana wa inchi 16. Mi nilichukua futi kamba nikapima sakafuni nikachora na chaki, nikalala hapo, mabega yote mawili yakapita mstari, na wale walikaa hivyo wiki kwa wiki baharini.

Hatua ya 4: toa mkono. Miili imepangwa safu safu, bendera nazo safu safu, zimebanana vilevile. Hii ni tafsiri yangu, ila naiamini: mpangilio uliotumika kubana watu kama mzigo ndo huohuo umebeba mataifa yao, na neno la kunusurika, ndo maana ya Survival, limeandikwa juu ya miili yenyewe, sio pembeni.

Maswali yenu nayajibu hapa chini.

Mdau: Mkuu kuna moja nyekundu na nyeusi ina ndege, ni Uganda?

Hapana ndugu, ya Uganda ina mistari na korongo katikati kwenye duara jeupe. Hiyo yenye ndege wa njano na nyota ni Papua New Guinea, iko mbali kabisa huko Pasifiki, ilipata uhuru 1975. Wenyeji wa kule ni weusi pia, na mi naisoma kwamba habari hii haikuishia Afrika.

Mdau: Wimbo wa Zimbabwe umo humo, nchi ilikuwa huru tayari?

Bado dada. Albamu imetoka 1979, uhuru umekuja Aprili 1980, na Marley akaenda mwenyewe kuuimba uwanja wa Rufaro usiku wa sherehe. Ndo maana nasema hii kava usiisome kama kumbukumbu ya mambo yaliyokwisha, vita ilikuwa inaendelea wakati inachapwa.

Mdau: Kaka mi natumia simu, hiyo meli siioni, naona vidoadoa tu.

Ndo hivyo vidoa. Ivute picha kubwa taratibu, nenda katikati ya herufi mbili, utaanza kuona vichwa, halafu miguu.