Mahindi yakikunja majani, yakague alfajiri

Wakulima wa Magu, Kwimba na Misungwi, jua la Januari na Februari likikatisha mvua, msihukumu shamba saa saba mchana. Hindi kukunja jani mchana ni kujikinga tu. Pita alfajiri: majani yakiwa bado yamekunjika, udongo wa mizizini umekauka kweli.

Hapo vitundu vya jani vimefungwa kuzuia maji yasipotee, lakini hewa ya ukaa nayo haiingii. Usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, unashuka, na sukari ya kulisha gunzi inapungua.

Hatari kubwa ni wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya mbelewele, maua ya kileleni yenye chavua, kutoka. Ukame huchelewesha nywele za hindi, chavua inamwagika mapema, nywele zikitokeza hazina cha kupokea. Ndiyo maana unavuna magunzi yenye mapengo, hata kama mvua ilirudi baadaye. Ukiwa na pampu karibu na ziwa na mafuta ni machache, yatunze kwa wakati huu: lita 40 hivi kwa kila mita moja ya mraba kwa wiki.

Asiye na pampu afunge matuta mapema: kila mita 2 weka kizuizi cha udongo ndani ya mfereji, kifupi kuliko tuta lenyewe, la sivyo mvua kubwa itabomoa tuta. Urea usiweke kwenye udongo mkavu. Na kwenye kichanga cha juu mlimani, panda mtama. Husimama kukua, kisha huendelea mvua ikirudi.