Tu-stroki iliyolala: anza na sili za krenki

Ukipata pikipiki ya matope ya tu-stroki (injini inayochoma petroli iliyochanganywa na oili) iliyolala bandani miaka, usikimbilie rangi wala tairi. Pesa ya kwanza iende kwenye sili mbili za krenki, yaani pete za mpira zinazoziba ncha mbili za shafti ya injini. Mpira wake hukauka ukawa mgumu kama ukucha. Ya upande wa magneto (inayotoa umeme wa plagi) ikivuja, injini huvuta hewa ya ziada, petroli na oili vinapungua ndani, pistoni inachemka na kukwama. Ya upande wa klachi ikivuja, injini hunywa oili ya giaboksi: moshi mweupe hauishi, na chini huoni hata tone.

Pima kabla ya kufungua injini. Toa kifuniko cha magneto, shusha pistoni hadi chini, ziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa vipande vya tyubu kuukuu na klipu. Pitisha hewa ya pampu ya baiskeli yenye geji kwenye tundu la plagi hadi PSI 6 tu. Ukizidisha, utaing'oa sili nzima. Geji ikishuka zaidi ya PSI 1 kwa dakika, paka povu la sabuni ufuate mapovu.

Sili ina vipimo vilivyochapwa usoni, mfano 25×40×8. Peleka namba hiyo duka la beringi, ila sisitiza mpira unaostahimili petroli.

Na kama kabureta ilisetiwa Nakuru, usiteremke nayo Kisumu bila kukagua jeti (kitundu kinachopima petroli ya kabureta): huko chini hewa ni nzito, mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani petroli haitoshi hewa, na pistoni mpya inaungua.