Turbo Iwe ya Mwisho: Kupanga Kazi Kubwa za Injini na Giaboksi Nyumbani

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mwenye Hilux ya dizeli ya 3L, injini ya cc 2,779 isiyo na turbo, akipanda kilima na magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, hutamani turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilianza na turbo. Baada ya muda mfupi injini ilinguruma mlimani huku mwendo ukibaki ule ule kwa sababu klachi ilikuwa inateleza, harufu ya klachi iliyoungua ikajaa ndani ya gari, na giaboksi ikashushwa mara mbili kwa kazi iliyotakiwa kufanyika mara moja.

Anza kwa kupima. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda kwa geji ya dizeli, kwa sababu ile ya petroli haihimili mgandamizo huo. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, fedha zote ziende kwanza kwenye ringi, vali au gasketi ya hedi, kwani injini iliyochoka haiongezewi mzigo.

Breki na upoozaji hufuata. Hapa kwetu maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo hata mfuniko wa rejeta wenye mpira uliochakaa ni kasoro kubwa. Mkanda wa taimingi, unaoendesha vali, ukikaribia kilomita 100,000, ubadilishwe pamoja na pampu ya maji, maana sehemu ya mbele ya injini itakuwa imekwisha kufunguliwa.

Kazi inayotaka subira kuliko zote ni giaboksi. Nyua zetu nyingi zimechongwa kwenye miteremko ya mawe. Usiingie chini ya gari mpaka limekaa juu ya stendi nne kwenye zege lililo sawa, kwani jeki peke yake haitoshi. Giaboksi ikishuka, badilisha kwa pamoja klachi pleti, presha pleti, beringi ya klachi na sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), kisha upeleke flaiwili, gurudumu zito ambalo klachi hubana juu yake, ikakerezwe. Sili ni kitu kidogo, lakini ikivuja oili itaiharibu klachi mpya, na utalazimika kushusha kila kitu upya. Wakati wa kurudisha, mtu wa pili aishikilie giaboksi kwenye jeki hadi boliti zishike. Ikining'inia kwa shafti yake, hupinda klachi pleti. Kagua pia mauntini (mipira inayoshikilia injini na giaboksi), kroosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu nyuma) na difu (gia za ekseli), kisha uendeshe kilomita 500 bila mzigo mzito.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, gari la kwenda Sengerema au Geita kwa njia hiyo halipati tena mapumziko ya kivukoni, na udhaifu wowote wa upoozaji au klachi hujionyesha mapema. Safari hiyo ikienda vizuri ukiwa na mzigo, sasa funga turbo pamoja na geji ya joto la ekzosi. Dizeli kwenye pampu iongezwe kidogo kidogo, na moshi mweusi ukianza kutoka mlimani, skrubu ya pampu inayoongeza dizeli irudishwe nyuma.