SOMO: Kusukuma mswada wa posho za wahudumu wa afya upite bunge la kaunti NA pesa zitoke

Haya watu wangu. Kila wiki kuna mtu ananitumia meseji "naomba unielekeze vile nyinyi mlifanya" na mimi narudia yaleyale mpaka kidole kinauma. Kwa hivyo naandika mara moja hapa, ukiniuliza tena nakutumia linki na sitaongeza kitu.

Mfano wangu ni wa hapa Kenya, posho za wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP wa kutembea nyumba kwa nyumba na begi mgongoni. Walifanya kazi ya kujitolea miaka na mikaka, halafu 2023 ikakubalika walipwe 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, na mwaka huohuo Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ikapita. Sasa shida iko kwa ile nusu ya kaunti, manake hiyo lazima ipitishwe na bunge la kaunti kwenye bajeti kila mwaka. Kama mnataka kitu kingine, dawa za zahanati, maji, uji wa chekechea, njia ni hiihii.

Hatua ya 1. Hakikisha ni kazi ya kaunti. Fungua Katiba, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, hapo ndipo kazi za kaunti zimeorodheshwa. Basi.

Hatua ya 2. Tafuta watu. Usianze na kusajili shirika na kuchapisha fulana, anza na vyama vilivyopo: akina mama wa chama, vijana wa boda, kanisa, msikiti. La muhimu ni muwe na watu kwenye wadi nyingi, juu MCA (mwakilishi wa wadi bungeni) hashtuki na watu elfu moja wa wadi jirani, anashtuka na hamsini wa kwake.

Hatua ya 3. Pata karatasi. Unahitaji mpango wa maendeleo wa mwaka (hufika bungeni kufikia Septemba 1), CFSP ambayo ni taarifa ya mkakati wa fedha (Februari 28), na makadirio yenyewe ya bajeti (Aprili 30). Kama haziko kwa tovuti ya kaunti, andika barua ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu. Peleka nakala mbili, ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakikunyima kuna Ombudsman, ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi.

Hatua ya 4. Piga hesabu hadi mtoto wa darasa la nne aielewe. Tuseme mna wahudumu 600. 600 mara 2,500 mara miezi 12 ni milioni 18. Hiyo ndiyo namba yenu, kila mtu kwenye kikundi aijue hata akiamshwa usiku. Mkienda pale mnasema "tunaomba serikali itufikirie" mtafikiriwa tu hadi uchaguzi.

Hatua ya 5. NI FEBRUARI. SIO JUNI. Hapa nikae kidogo kwa sababu hapa ndipo kikundi chetu kilianguka pua mwaka wa kwanza. Tuliona kwa TV bajeti husomwa Juni, tukajipanga na Juni, watu wakajaa nje ya bunge na mabango, wahudumu wenyewe walivaa zile jaketi zao, mwenyekiti wa kamati akatoka akatusalimia kwa heshima kabisa, akatuambia anatuunga mkono asilimia mia, ila mkono wake umefungwa. Tukafikiri anatuzungusha. Hakuwa anatuzungusha, ni sheria.

Iko hivi. CFSP ndiyo huwekea kila idara kikomo cha pesa. Inafika bungeni mwisho wa Februari, bunge lina siku 14 kuipitisha. Ikishapita, vikomo vimeganda. Makadirio yakija Aprili bunge linaweza kubadilisha, lakini Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema idara haiongezwi wala kupunguzwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inasema ukiongeza mahali lazima upunguze mahali pengine, hakuna kuongeza hewani.

Sasa fanya hesabu hiyo. Afya ikiwa na kikomo cha bilioni 2, asilimia 1 ni milioni 20, milioni 18 zenu zinaingia. Mnashangilia. Lakini mnazitoa wapi? Idara ya biashara ikiwa na milioni 300, hapo wanaruhusiwa kukata milioni 3 pekee, kwa hivyo mtazunguka idara sita mkiokota shilingi na kila idara ina mheshimiwa wake anayeitetea. Mwezi wa Februari hakuna hayo yote, kikomo cha afya kinapangwa upya tu kabla hakijaganda.

Maonyo ya hapa:
- Usingoje tangazo la gazeti. Linatoka leo kikao ni kesho kutwa. Januari muwe mnapiga simu kwa ofisi ya karani wa bunge.
- Mswada wa posho na pesa za posho ni vitu viwili. Unaweza pitisha sheria nzuri kabisa na makadirio hayana laini yake (mstari wa pesa zake), mtu analipwa na karatasi. Na kwa sababu mswada wenyewe unagusa pesa, lazima upitie kamati husika na waziri wa fedha wa kaunti atoe maoni, kwa hivyo uanzishe mapema, Septemba ama Oktoba.
- Kama mmechelewa kweli na ni Mei, msidai idara iongezwe. Tafuteni ndani ya idara ya afya yenyewe. Semina, safari, ukarabati wa ofisi. Mkihamisha humo ndani jumla ya idara haibadiliki na ile asilimia 1 haiwasumbui.

Hatua ya 6. Memoranda, yaani maoni yenu kwa maandishi kwa kamati. Ukurasa mmoja, mbili ukizidisha. Usiandike historia ya ukoloni. Andika hivi: "Ukurasa wa 84, programu ya afya ya kinga: ongeza milioni 18, posho za wahudumu 600. Ukurasa wa 91, safari za nje: punguza milioni 11. Ukurasa wa 92, ukarabati wa ofisi: punguza milioni 7." (kurasa na namba ni za mfano, usinakili jamani). Karani wa kamati akipata kitu kama hicho anaingiza moja kwa moja kwa ripoti, umemfanyia kazi yake.

Hatua ya 7. Mwenyekiti wa kamati ya bajeti na mwenyekiti wa kamati ya afya, hao wawili kwanza. Wengine baadaye, na kila mmoja aendewe na watu wa wadi YAKE.

Hatua ya 8. Siku ya kikao cha umma fika mapema, andika jina kwa rejista, piga picha ya rejista. Mnasema watatu tu kwa niaba ya wote. Hiyo picha si ya kupamba: 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, na tangu hapo makarani wanajua rejista ni ushahidi.

Hatua ya 9. Ikipita msilale. Kwanza sahihi ya gavana kwenye mswada. Halafu fuateni ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, hutoka kila robo mwaka na kila kaunti ina sehemu yake, unaona kilichopangwa na kilichotumika. Na muiogope bajeti ya ziada, huja katikati ya mwaka kimya kimya, hakuna TV, na pesa mlizopigania Februari zinahamia barabara ya mtu.

Hayo. Maswali chini, lakini soma kwanza.

---

boda_wa_stendi: Mkuu nimepitia juu juu, naeza peleka petisheni mwezi wa sita?

Mwandishi: Hatua ya 5.

boda_wa_stendi: si ungejibu tu

Mwandishi: Nimeandika kwa herufi kubwa kaka. Sina herufi kubwa kuliko hizo.

mama_wa_uji: Shikamoo. Mimi nafundisha chekechea, watoto wakikosa uji hawaji. Kaunti yetu ilitujengea jiko zuri mwaka juzi lakini limefungwa kufuli, hakuna unga. Nimesoma yote mara mbili na bado sielewi, pesa za jiko zilipatikana aje na za unga zikose?

Mwandishi: Marahaba mwalimu, swali lako ni zuri kuliko somo langu. Jiko ni pesa ya maendeleo, unga ni matumizi ya kawaida. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, kwa hivyo kujenga kuna pesa na pia kuna utepe wa kukata na kamera. Unga hauna utepe. Kwenye makadirio ni sehemu mbili tofauti kabisa, watu hufungua ile ya maendeleo wanaona "jiko la ECDE" (yaani la chekechea) wanafurahi wanafunga kitabu. Wewe fungua sehemu ya matumizi ya kawaida ya idara ya elimu, tafuta chakula. Kama hakuna laini, hakuna uji hata jiko liwe la dhahabu. Chekechea ni kazi ya kaunti waziwazi kwenye Katiba kwa hivyo hapo hawana pa kujificha. Ukitaka mfano wa kuwaonyesha, Nairobi walianza Dishi na County 2023, mpango wa chakula shuleni, mtoto analipa shilingi 5 kwa mlo na gharama iliyobaki inalipwa na kaunti na washirika wake. Hesabu yako: watoto mara gharama ya kikombe mara siku za shule. Nitumie nikuangalilie, bure.

mama_wa_uji: Asante sana. Na wazazi niwaite lini?

Mwandishi: Januari shule zikifunguliwa, wote wako pale. Chukua majina na wadi zao siku hiyohiyo.

sauti_ya_mtaa: Hizi memoranda ni za wazee. 2024 vijana waliingia barabarani na Mswada wa Fedha ukaondolewa. Hamuoni hiyo ndio dawa?

Mwandishi: Ule mswada rais alikubali kuuacha Juni 26, na watu walikufa, kwa hivyo siwezi kuongea kirahisi kuhusu siku hizo. Lakini angalia walichodai: ondoeni. Kuondoa kitu barabara inaweza. Sisi tunataka kuongeza laini, na laini inaandikwa na mtu amekaa mezani na kalkuleta, ukikosa kuwa pale anaandika ya mwingine. Mkitaka kuandamana pia ni haki, kipengele cha 37 cha Katiba, polisi wapewe notisi angalau siku tatu kabla. Sisi tuliandamana Juni nimeshasema matokeo.

mchambuzi_254: Hii kazi inalipwa na wafadhili gani? NGO zimejaa huku.

Mwandishi: Nauli yangu nalipa mwenyewe na chai nanunua mwenyewe. Ukimpata huyo mfadhili mwambie anatafutwa.

mchambuzi_254: Nimeuliza tu.

Mwandishi: Na mimi nimejibu tu.

mkulima_kimya: MCA wetu anasema mswada hauji bila kitu kidogo. Tufanyeje, maana kweli mkono mtupu haulambwi.

Mwandishi: Msitoe. Sikuhubirii, ni hesabu: aliyenunuliwa na nyinyi kwa elfu kumi atanunuliwa na kontrakta kwa laki tano wiki inayofuata. Hamumhitaji yeye peke yake. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa mtu yeyote haki ya kupeleka petisheni bungeni, na mswada unaweza kuletwa na mwakilishi mwingine ama kamati. Nendeni kwa yule wa viti maalum, mara nyingi anatafuta kazi ya kuonyesha na hakuna mtu humwendea.

bibi_shamba: Hapo kwa viti maalum nathibitisha, wetu ndiye alituletea mswada wa maji. Nyongeza: kila kaunti inafaa kuwa na jukwaa la bajeti na uchumi, gavana ndiye mwenyekiti, na kuna nafasi za wanawake, wazee, walemavu, wafanyabiashara, dini. Ulizeni nani anawawakilisha. Sisi tulikuta kiti cha wanawake kiko wazi.

Mwandishi: Dada umeongeza kitu nilichosahau. Watu wasome hii mara mbili.

mtu_wa_tanga: Huku Tanzania itafanya kazi? Sisi tuna madiwani na halmashauri.

Mwandishi: Mwaka wa fedha ni uleule, Julai 1, na mantiki ya kuwahi mapema ni ileile, ila sheria ni nyingine kabisa, hiyo asilimia 1 yangu usiipeleke huko. Anza na mkutano wa mtaa na diwani wako. Kama kuna mtu wa huko anajua kalenda ya halmashauri aandike somo lake, nitakuwa wa kwanza kusoma.

fundi_simu: PDF ya kaunti yetu imepigwa skani imepinda, kurasa 300, simu haitafuti neno. Kuna njia?

Mwandishi: Print kurasa za idara yako tu, usiprint kitabu chote utafilisika. Yaliyomo yako mbele, tafuta namba ya idara.

bibi_shamba: Ama gawanya, kila mtu kwenye grupu asome kurasa kumi na aandike namba tatu kubwa alizoona. Sisi tulifanya hivyo jioni moja.

boda_wa_stendi: Nimesoma hatua ya 5 sasa. Kumbe. Una sampuli ya barua ya kuomba CFSP?

Mwandishi: Ndio hivyo sasa. Naiweka kesho jioni. Mtoe jina la kaunti yangu kabla ya kutuma, mara ya mwisho kuna mtu wa kaunti nyingine alimwandikia karani wao akimsalimia kwa jina la karani wetu.