Hedfoni ya bei ya chini ya kupigia udijei na kutengenezea biti gheto

Vijana wengi wa hapa Mwanza wananiuliza swali moja, hela ni ndogo, nataka hedfoni moja tu nipigie harusini Jumamosi na siku zingine nitengenezee biti gheto, nichukue ipi? Nawajibu hivi: chukua ya waya, iliyoziba nyuma, na usiinunue kwa sababu ya besi.

Hapo kwenye besi ndo wengi tunaliwa. Biti yangu ya kwanza ya maana niliimiksi Mabatini na hedfoni niliyonunua duka moja mjini, boksi limeandikwa besi kubwa, nikavaa besi inagonga mpaka kwenye taya, basi nikawa naipunguza, naipunguza tena, mpaka nikaona sasa imekaa. Kuipeleka kwenye spika kubwa Kirumba, ngoma imekauka kama furu aliyeanikwa mwaloni, kiki, ile ngoma nzito ya chini, haipo, snea, ile ngoma kali ya juu, inapiga kelele peke yake. Kumbe hedfoni ilikuwa inaniongezea besi ambayo kwenye wimbo haimo kabisa. Iliniuma, nililala kwenye ile biti wiki nzima. Kwa kumiksi unataka hedfoni inayokwambia ukweli hata kama mara ya kwanza utaiona haina utamu.

Bluetooth kwa kazi hii achana nayo. Sauti inachelewa, kwa SBC, ile njia ya kawaida ya Bluetooth kubana sauti, inaweza kufika milisekunde 200 hivi. Sasa piga hesabu, singeli ya BPM 200, yaani mapigo 200 kwa dakika, kila pigo ni milisekunde 300, yaani unachosikia kimeshachelewa theluthi mbili za pigo, hapo utaoanisha vipi mapigo ya nyimbo mbili?

Iliyoziba nyuma ni kwa sababu stejini spika ziko nyuma yako na unatakiwa usikie wimbo unaofuata kabla watu hawajausikia, na ukirekodi mtu gheto sauti ya hedfoni isivujie kwenye maiki. Zile za wazi nyuma ni nzuri sana kwa kumiksi ila zinataka chumba kimya, na sisi huku milimani jirani kafungulia redio tangu asubuhi.

Angalia pia namba ya ohm, yaani ukinzani wa hedfoni kwa umeme. Chini ya 80 simu na laptopu zinaisukuma vizuri. Hedfoni kama Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 250 ukiichomeka kwenye simu utaisikia kwa mbali, wala sio mbovu, inataka saundi kadi yenye nguvu.

Kwa majina, wa mfuko mdogo kabisa aangalie OneOdio Pro-10, ina matundu mawili, jeki ndogo na ile nene ya miksa, besi imezidi kidogo lakini kwa udijei inakutoa. Audio-Technica ATH-M20x inasema ukweli zaidi, tatizo waya hautoki. Ukiweza kujinyima mpaka ufike ATH-M40x fanya hivyo, waya unachomoka na vikombe vinageuka, unasikilizia sikio moja bila kuhangaika. Sony MDR-7506 ipo tangu 1991 na watu bado wanaifanyia kazi, sponji zake tu ndo zinachubuka, na kwa joto letu na jasho la ukumbini zinachubuka mapema, so uliza kabisa kama sponji za kubadilisha zinapatikana.

Ukienda mitaa ya Makoroboi kununua nenda na simu yenye wimbo unaoujua mpaka pumzi ya muimbaji. Chomeka, shika waya pale unapoingia kwenye jeki, ukunje taratibu huku na huku, ikikwaruza au upande mmoja ukikata irudishe hapo hapo. Vaa dakika kumi, muuzaji atavumilia, ikikubana sasa hivi saa nne za harusi hutoboi. Na yenye jina kubwa kwa bei ya chipsi mayai ni feki, iache.

Ukishainunua siku ya kwanza usimiksi. Sikiliza nyimbo kumi unazozipenda, kisha hizo hizo kwenye spika ya mtu, ujue hedfoni yako inaongeza wapi na inapunguza wapi. Sauti iweke chini, desibeli 85 sikio linavumilia kama masaa nane, ila kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 umebakiwa na dakika 15 tu. Stejini vaa sikio moja, oanisha, vua.