Uuguzi wa simu kwa watu wenye ulemavu wa akili Marekani: leseni, vifaa na simu ya saa tisa usiku

Kazi yenyewe ni hii. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaishi Houston au Denver kwenye nyumba ya makazi, yeye na wenzake watatu, na mhudumu mmoja wa zamu. Saa tisa usiku anaanza kujipiga kichwani, au ametapika, au hajagusa chakula tangu mchana. Mhudumu si muuguzi. Anapiga simu, na wewe mwenye leseni, uliyekaa mezani kwako maili mia kadhaa kutoka hapo, unaamua: ambulensi sasa hivi, daktari kesho asubuhi, au maji na kumwangalia.

Tangu 1981 Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, imeruhusiwa kulipia huduma za nyumbani badala ya taasisi kubwa, na hukumu ya Olmstead ya 1999, ambapo Mahakama Kuu ilisema kuwatenga wenye ulemavu kwenye taasisi bila sababu ni ubaguzi, ikaongeza msukumo, hivyo watu hawa sasa wametawanyika kwenye nyumba ndogondogo. Nyumba moja haina uwezo wa kumweka muuguzi usiku kucha. Nyumba hamsini zikichangia muuguzi mmoja wa simu, inawezekana. Wauguzi wengi wenye asili ya Kenya, Tanzania na Kongo walioko Marekani waliwahi kuwa upande wa pili wa simu hiyo, kama wahudumu, na ujuzi huo una thamani kuliko wanavyoueleza kwenye barua zao za maombi.

Leseni kwanza

Kinachoangaliwa ni mahali alipo mgonjwa, si ulipo wewe. Ukiwa Dallas ukamhudumia kwa simu mtu aliyeko California, unahitaji leseni ya California. Ndiyo maana waajiri hupenda leseni ya majimbo mengi chini ya mkataba wa NLC (makubaliano ya majimbo kutambua leseni moja ya uuguzi), ambao majimbo zaidi ya 40 yameusaini. Texas imo. California na New York hazimo, na Minnesota, wanakoishi Wakenya wengi, haimo pia. Leseni hiyo hutolewa na jimbo unaloishi rasmi, kwa hiyo mkazi wa Minneapolis, Minnesota, haipati hata awe na uzoefu wa miaka ishirini. Yeye huomba leseni ya jimbo mojamoja, na kila moja ina ada yake. Ukihamia jimbo jingine la mkataba, tangu Januari 2024 una siku 60 za kuomba leseni ya huko. Wengi husahau, kisha hugundua siku mwajiri anapokagua jina lao kwenye Nursys, hifadhidata ya leseni za wauguzi.

Aliyesomea nje ya Marekani hupitia tathmini ya vyeti (shirika linalojulikana zaidi ni CGFNS, ambalo tangu 2025 linaitwa TruMerit), mtihani wa Kiingereza, kisha NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi. Baadhi ya majimbo hutoa leseni ya jimbo moja bila namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya hifadhi ya jamii). Ya majimbo mengi haitoki bila namba hiyo na alama za vidole.

Swali linaloulizwa sana: naweza kuifanya nikiwa Nairobi au Arusha? Kwa kazi hii, jibu la kivitendo ni hapana, hata ukiwa na leseni ya Marekani. Karibu fedha zote za huduma hizi ni za Medicaid, na sheria ya afya ya 2010, kifungu cha 6505, inakataza majimbo kulipa huduma za Medicaid kwa taasisi iliyo nje ya nchi. Majimbo kadhaa hayataki hata taarifa za wagonjwa zivuke mpaka. Wakala anayekudai pesa ili akutafutie kazi ya aina hii ukiwa nyumbani Afrika Mashariki, mwache aende zake.

Uzoefu na aina za kazi

Kupokea simu za dharura huhitaji RN (muuguzi aliyesajiliwa), kwa sababu kutathmini hali ya mgonjwa ni kazi ya RN. LPN (muuguzi wa ngazi ya chini yake) hupata nafasi zaidi kwenye kukagua rekodi, kufuatilia miadi na kuratibu dawa. Kuna pia uratibu wa huduma kwenye kampuni za bima, wenye saa za mchana na presha ndogo. Nafasi ya kuwasimamia wahudumu wanaogawa dawa mara nyingi si ya simu tupu: Maryland, kwa mfano, muuguzi aliyekasimu kazi hiyo hutakiwa kufika na kukagua walau kila siku 45. Tangazo likisema "kazi ya nyumbani" na jimbo lina kanuni kama hiyo, uliza utaendesha gari mara ngapi.

Kama hujawahi kuwauguza watu hawa ana kwa ana, anza huko, walau mwaka mmoja, kwenye nyumba za makazi au vituo vya ICF/IID (vituo vya malazi na matunzo kwa wenye ulemavu wa akili). Anayetoka wodini moja kwa moja huzoea mgonjwa anayejieleza. Hapa wengi hawasemi. Baada ya saa 4,000 za uuguzi wa fani hii ndani ya miaka 5, unaweza kufanya mtihani wa CDDN, cheti cha fani hii kinachotolewa na DDNA, chama cha wauguzi wake. Haulazimishwi, ila kwenye rundo la maombi hukufanya uonekane.

Vifaa

Intaneti ya waya, si ya Wi-Fi ya sebuleni. Betri ya akiba ya kuendesha modemu na kompyuta walau nusu saa umeme ukikatika. Skrini mbili, moja ya rekodi na moja ya mwongozo wa maswali. Hedseti yenye waya. Chumba chenye mlango unaofungwa, kisicho na spika za kuongea nazo kama Alexa, kwa sababu HIPAA, sheria ya usiri wa taarifa za wagonjwa, haijali kwamba ni kwako. Na simu ya pili, tutakayoihitaji sasa hivi.

Maana kuna kosa moja linalomkuta kila mgeni wa kazi hii. Ukipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, ukiwa Dallas kwa ajili ya mtu aliyeko Denver, inapokelewa na watu wa Dallas. Mwenye kupiga 911 ni mhudumu, kwa simu ya pale nyumbani, na wewe unabaki naye kwenye laini nyingine. Kwa tahadhari, weka kwenye faili la kila nyumba namba ya kawaida ya tarakimu kumi ya kituo cha dharura cha eneo hilo, pamoja na anwani kamili. Wahudumu wa wakala hutumwa nyumba wasiyoijua, na wakishikwa na hofu anwani huwapotea.

Kupokea simu

Kabla ya yote: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na "anapumua vizuri?" Kisha usikimbilie dalili. Uliza ana tofauti gani na jana. Macho ni ya mhudumu, na kazi yako ni kuyaelekeza. Tuchukue mfano huu:

— Samahani kwa kukusumbua, sista. Ni yule wa chumba cha pili. Yuko sawa tu, ila leo amepoa.

— Hujanisumbua, dada. Mguse bega, umwite jina.

— Amefungua macho. Amefumba tena.

— Siku nyingine ukimwamsha usiku hufanyaje?

— Hukaa kitako akidai chai.

— Weka kiganja chako juu ya kifua chake. Kila kikipanda, hesabu kwa sauti. Mimi natazama saa.

— ... ishirini na saba, ishirini na nane.

— Joto?

— Tisini na sita nukta mbili. Hana homa, sista.

Mhudumu anaona afadhali hana homa. Wewe unaona pumzi 28 kwa dakika, usingizi usio wake, na joto chini ya 96.8 za Farenhaiti, yaani 36 za Selsiasi. Maambukizi yaliyoingia kwenye damu hushusha joto kama yanavyolipandisha. Hiyo ni 911, wala humngoji daktari akupigie.

Angalia mambo matatu hapo. "Yuko sawa tu" haina taarifa yoyote. Taarifa iko kwenye "amepoa". Pumzi zimehesabiwa dakika nzima, kwa sauti, kwa sababu ukiuliza "anapumua mara ngapi?" utaambiwa 16 au 18, namba ambazo kila mtu amekariri mafunzoni. Na hakuulizwa kipimo cha oksijeni kwanza. Kifaa kile cha kidole hudanganya kwenye kidole baridi au chenye rangi ya kucha, na kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2021. Asilimia 94 ya kifaa isikutulize mbele ya mtu anayehema.

Kuhusu lugha: kampuni nyingine hurekodi simu na kutaka Kiingereza tupu, kwa hiyo uliza kanuni kabla. Pale inaporuhusiwa, mwachie mhudumu aseme kwa lugha iliyomjia. Akianza kujitafsiri, "amepoa" hugeuka "ametulia", na kutulia si ugonjwa. Rekodi uiandike Kiingereza, ukieleza neno lilimaanisha nini.

Mambo matano yanayoua

Wauguzi wa fani hii huyakariri: kupaliwa, kufunga choo, upungufu wa maji, kifafa, na maambukizi ya damu. Hili la mwisho tumeliona.

Kupaliwa si lazima mtu akohoe. Tafuta sauti yenye majimaji baada ya kunywa, macho kutoa machozi mezani, mlo uliokuwa wa dakika ishirini sasa unachukua hamsini, homa inayokuja na kuondoka. Uliza vinywaji vyake vimeagizwa vya uzito gani kwenye kipimo cha IDDSI (viwango vya kimataifa vya uzito wa vyakula na vinywaji), halafu kwa video mwambie mhudumu aupime: ajaze bomba la sindano la mililita 10, aachie kwa sekunde 10, asome kilichobaki. Mililita 1 hadi 4 ni ngazi ya 1, 4 hadi 8 ni ngazi ya 2, zaidi ya 8 lakini chini ya 10 ni ngazi ya 3. Bomba liwe lile ambalo alama ya sifuri hadi 10 ina urefu wa milimita 61.5, maana mabomba ya mililita 10 hayalingani wembamba, na lisilo sahihi hutoa jibu la uongo. Mara nyingi tatizo ni unga wa kuongeza uzito wa kinywaji uliopimwa kwa macho.

Choo kina mtego wake. Siku 3 bila choo ni za kuchukua hatua, hasa kwa anayetumia dawa kama clozapine na benztropine, madini ya chuma au dawa kali za maumivu. Ila simu itakayokuja itasema "anaharisha". Uliza kabla ya kuharisha alienda lini. Maji yanaweza kuwa yanapita pembeni ya choo kilichoganda, na dawa ya kuzuia kuharisha hapo ni hatari. Tumbo gumu lililovimba pamoja na kutapika, mpeleke hospitali.

Maji: uliza mkojo, rangi na mara ngapi. Anayetumia lithium akiwa amepungukiwa maji, kutetemeka na kuyumba si "tabia", ni dawa kuzidi mwilini.

Kifafa ni saa. Mwambie mhudumu aangalie saa kabla ya kitu kingine. Shambulio likifika dakika 5, au likija la pili kabla hajazinduka, au likiwa la kwanza maishani mwake: 911. Kama ana dawa ya puani, fuata mpango wake ulioandikwa, na baada ya kuitoa tazama pumzi, maana midazolam na diazepam huzipunguza.

Na kujipiga, kuuma, kupiga kelele? Mhudumu ataomba dawa ya kumtuliza. Kabla hujakubali pitia orodha hii: jino, sikio, kiungulia, choo, mkojo, mfupa uliovunjika bila mtu kuona, dawa mpya ya wiki hii. Asiyesema hulalamika kwa mwili, na maumivu mengi yamezikwa chini ya neno "tabia". Kwa mwenye hali ya kuzaliwa ya Down (Down syndrome) ongeza tezi la shingo, na akizidi miaka 40, dalili za Alzheimer, inayowaanza mapema.

Kukata simu na kuandika

Usikate kabla mhudumu hajakurudishia maagizo kwa maneno yake. Taja saa ya kumpigia tena, kwa mfano dakika 30, na upige wewe. Yeye akimwona amelala hatapiga. Andika saa, maneno aliyoyasema kama alivyoyasema, namba alizosoma, mwongozo uliotumia, uliyemwarifu akiwemo mlezi wa kisheria, na kilichokataliwa.

Kabla ya kusaini mkataba

Uliza zamu moja ya usiku ina watu wangapi kwa muuguzi mmoja, na daktari unayempigia ni nani na hupokea baada ya muda gani. Jibu la "utatumia busara yako" lina maana kwamba hayupo. Uliza nani analipia leseni za majimbo mengine. Uliza kama ni W-2 (mwajiriwa) au 1099 (mkandarasi anayejitegemea): ukiwa 1099 unajilipia kodi ya asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare pamoja na bima ya makosa ya kikazi, na yale malipo ya saa yaliyoonekana manono kwenye tangazo hupungua haraka. Omba pia kuona faili la afya la nyumba moja, lililofutwa majina. Kama halisemi mtu huyo anapokuwa mzima huwaje, hula nini na huamka vipi, utakuwa unapokea simu gizani.