Eleza kila safu kabla ya kuachia data
Ukiweka data za utafiti wazi, ambatanisha faili dogo la maandishi linaloeleza kila safu wima ya jedwali: kizio cha kipimo chake na alama ya pengo, yaani inayowekwa pale ambapo data haipo. Wenzako wa fani moja wanajua bila kuambiwa, wa fani nyingine hawajui. Tazama faili zenye kiambishi .dly za GHCN-Daily, hazina ya data za hali ya hewa za kila siku: joto limeandikwa kwa sehemu za kumi za selsiasi, kwa hiyo 287 ni nyuzi 28.7, na -9999 maana yake hakuna kipimo. Mtafiti wa malaria asiyejua hayo akipiga wastani, -9999 moja tu inamharibia mwezi mzima. Maelezo hayatoshi safu ikibadilisha kizio katikati ya miaka. Hapo tenga safu mbili.